Ada na msaada wa fedha katika vyuo binafsi vya Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazazi na wanafunzi wa Unguja na Pemba kila msimu wa udahili. Majibu yanahusu vyuo binafsi vyenye ithibati, kama Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kilichopo Chukwani, pamoja na vyuo binafsi vya cheti na diploma. Kila chuo hupanga ada yake, kwa hiyo hesabu zilizomo humu ni mifano tu. Viwango vya chuo chako vimo katika fomu ya kujiunga.

## Kabla ya kukubali nafasi

1. Elimu Zanzibar si bure? Kwa nini nidaiwe ada?

Tangazo la elimu bure la tarehe 23 Septemba 1964, lililotolewa na Mzee Abeid Amani Karume, lilihusu skuli. Chuo binafsi hulipa walimu, umeme, maktaba na maabara zake kutokana na ada. Serikali husaidia kupitia mikopo ya wanafunzi, na huo mkopo mwanafunzi ataurejesha.

2. Ada iliyoandikwa kwenye tangazo ndiyo yote nitakayolipa?

Hapana, na hapa ndipo familia nyingi hukwama wiki ya kwanza. Tangazo hutaja ada ya masomo. Ukifungua fomu ya kujiunga utakuta chini yake usajili, mitihani, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, maktaba au kompyuta, fedha za dhamana (unazoweza kurejeshewa mwishoni), na bima ya afya kwa asiyekuwa nayo. Wanafunzi wa shahada hulipa pia ada ya uhakiki wa ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shilingi 20,000 kwa mwaka. Kila kimoja ni kidogo, lakini vikijumlishwa huwa fungu zima, na vingi hutakiwa siku ya usajili bila awamu.

Chukua karatasi uigawe safu tatu: kinacholipwa mara moja tu (fedha za dhamana, kitambulisho), kinacholipwa kila mwaka (usajili, bima, uhakiki wa ubora), na kinacholipwa kila muhula (ada ya masomo, mitihani). Kisha ongeza gharama za miaka ya mbele: mafunzo kwa vitendo, utafiti wa mwaka wa mwisho, joho na mahafali. Wanaosomea ualimu na afya waulize mapema nani anayelipia nauli na vifaa vya mafunzo kwa vitendo, maana kwao vipindi hivyo ni virefu.

Jambo jingine la kuuliza ofisi ya fedha ni kama ada uliyoanza nayo hubaki hiyo hiyo mpaka umalize au inaweza kupanda ukiwa katikati. Omba jibu la maandishi.

3. Mtoto anatoka Pemba, chuo kiko Unguja. Tuweke nini zaidi ya ada?

Malazi, chakula, nauli ya daladala ya kila siku kama hapati dakhalia, na boti ya kwenda na kurudi wakati wa likizo. Nafasi za dakhalia huwa chache kuliko wanaozitaka, kwa hiyo iombe siku ile ile unayothibitisha udahili. Wanaokosa hupanga chumba kwa pamoja karibu na chuo. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na fedha hiyo hutakiwa wakati ule ule wa usajili.

Wengi hukaa kwa shangazi au ami mjini. Hilo ni jambo jema na linaokoa fedha nyingi, lakini pigeni hesabu ya nauli kwanza. Kutoka Bububu hadi Tunguu kwa kubadilisha gari, siku tano kwa wiki, muhula mzima, si kiasi cha kupuuza.

4. Nitajuaje kama chuo na kozi vinatambuliwa?

Kwa shahada tazama orodha ya TCU. Kwa cheti na diploma tazama ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Tafuta jina la kozi yenyewe, usitosheke na jina la chuo, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati huku kozi mpya ikiwa bado. Kozi isiyotambuliwa haipati mkopo, na cheti chake kitakusumbua mbele ya mwajiri.

## Kulipa ada

5. Naweza kulipa kwa awamu?

Vyuo vingi huruhusu, na mpango wa kawaida ni kulipa nusu ya ada mwanzoni mwa kila muhula. Baadhi hukubali kugawa zaidi ukiandika barua kabla ya tarehe ya mwisho. Barua ya namna hiyo hupokewa vizuri ikiwa na kiasi na tarehe ("nitalipa 300,000 ifikapo tarehe 10 Januari") kuliko ikiwa na maelezo ya shida peke yake.

Panga awamu kwa kufuata miezi ambayo fedha huingia nyumbani. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza Oktoba au Novemba, na muhula wa pili huangukia karibu na Machi. Familia ya Pemba inayotegemea karafuu, vuli ikizaa, huwa na fedha katika muhula wa kwanza. Ni vyema ilipe zaidi ya nusu wakati huo. Anayefanya kazi hotelini Nungwi au Paje hubanwa masika, Machi hadi Mei, wageni wanapopungua na hoteli nyengine kufungwa, na hapo ndipo awamu ya pili inapodaiwa. Mama anayelima mwani hupata kidogo kidogo kila baada ya bamvua. Huyu aombe awamu ndogo nyingi.

Wanafunzi wengi wanaoacha chuo kwa ajili ya ada wangeweza kulipa jumla ya mwaka. Kinachowaangusha ni kwamba fedha na tarehe hazikukutana. Ofisi ya fedha inaweza kusogeza tarehe ikijulishwa mapema; ikijulishwa wiki ya mitihani haina tena nafasi hiyo.

6. Nilipe wapi?

Kwenye akaunti ya benki ya chuo au kwa namba ya malipo uliyotolewa, basi. Namba ya malipo hutolewa kwa jina lako na kwa deni maalumu. Usilipie kwa namba ya mwenzako hata kama kiasi ni sawa, kwani fedha itaingia kwenye jina lake.

Usitume ada kwenye simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa chuo, na hata akisema "mfumo uko chini leo". Mfumo ukiwa chini, subiri.

7. Nimelipa, lakini bado naonekana nadaiwa. Nifanye nini?

Sababu za kawaida ni tatu: ulilipa benki bila kuandika namba yako ya usajili, ulitumia namba ya malipo iliyokwisha muda, au fedha imeingizwa kwenye kifungu kingine (umelipa ada, imesomeka ya dakhalia). Peleka nakala ya risiti ofisi ya fedha ndani ya siku chache na ubaki na risiti halisi. Karatasi za mashine ya benki hufifia kwa joto na jasho. Zipige picha siku ile ile ya malipo. Mwisho wa kila muhula omba taarifa ya akaunti yako ya ada hata kama huna tatizo, kwa sababu kosa la mwaka wa kwanza ni gumu kulifuatilia ukiwa mwaka wa tatu unatafuta kibali cha kumaliza.

8. Nikifika mitihani nikiwa na deni?

Vyuo vingi huzuia kadi ya mtihani, na vyengine hukuacha ufanye kisha huzuia matokeo au cheti. Soma kanuni za chuo chako. Ukiona hutafika, andika barua ya kuomba muda angalau mwezi mmoja kabla, kwa utaratibu wa swali la 5.

## Mikopo ya Serikali

9. Bodi za mikopo ziko mbili. Niombe ipi?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi mwaka 2005, inahudumia Watanzania wote, Wazanzibari wakiwemo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar (ZHELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, inahudumia Wazanzibari. Wanafunzi wa vyuo binafsi vyenye ithibati wanaweza kuomba.

Huwezi kunufaika na bodi zote mbili kwa pamoja. Soma miongozo ya mwaka husika ya kila moja, kwani vipaumbele vya fani hubadilika, kisha tazama ipi inaikubali kozi yako. Ukishapangiwa na bodi moja, usitie saini mkataba wa nyengine ukidhani hawatajua.

10. Nasoma diploma. Nami napata mkopo?

HESLB ilianza kukopesha diploma mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Kozi ambayo haimo kwenye mwongozo haipati, hata familia iwe na dhiki kiasi gani. Wa ngazi ya cheti atazame maswali ya 19 na 20.

11. Nyaraka gani niandae, na zipi huchelewesha watu?

Anza kuzikusanya mara tu unapomaliza kidato cha sita, kabla matokeo hayajatoka. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka na mfumo huelemewa siku za mwisho. Kwa HESLB utahitaji:

- namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ile ile utakayotumia kuomba chuo;
- cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, ambacho kwa aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar (ZCSRA), na kwa aliyezaliwa Tanzania Bara na RITA, wakala wa usajili wa huko;
- cheti cha kifo cha mzazi, kwa yatima, nacho kikiwa kimehakikiwa;
- namba ya kaya, kama mko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini;
- fomu ya daktari kuthibitisha ulemavu wa mwombaji au mzazi, kama upo;
- picha na kitambulisho cha mdhamini;
- ada ya maombi, shilingi 30,000.

Baada ya kujaza mtandaoni unaichapisha fomu, unaisaini wewe na mdhamini, inasainiwa na sheha na kuthibitishwa na wakili au hakimu, kisha unapandisha tena kurasa zilizosainiwa. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni mtu kuchapisha, kusaini, kupiga muhuri, halafu asipandishe kurasa zile. Ombi lake hubaki halijakamilika, naye yuko nyumbani anasubiri majibu.

Sheha apewe muda. Ana shehia nzima ya waombaji wiki ile ile. Usimgongee mlango usiku wa siku ya mwisho. Uhakiki wa vyeti nao huchukua siku kadhaa, na cheti cha kifo ambacho hakikuwahi kukatwa huchukua zaidi. Yatima wengi hupoteza nafasi ya kupewa kipaumbele kwa sababu mzazi alizikwa kijijini na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Kama ndivyo ilivyo kwenu, hiyo iwe kazi ya kwanza.

12. Jina la cheti cha kuzaliwa na la matokeo halifanani. Je?

Ni tatizo kubwa hapa kwetu: Fatma na Fatuma, Khamis na Hamisi, au jina la babu lipo kwenye cheti kimoja na kwenye kingine hakuna. Mfumo hausomi maana, husoma herufi. Amua jina moja, lile la matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani), kwa sababu ndilo lililobeba udahili wako, kisha nenda ZCSRA ukaulize utaratibu wa kusahihisha cheti cha kuzaliwa. Panapohitajika hati ya kiapo, iandikwe na wakili ikitaja majina yote mawili na kueleza kuwa ni ya mtu mmoja. Hakikisha Kitambulisho cha Mzanzibari na akaunti ya benki navyo vinafuata jina hilo, la sivyo mkopo utapitishwa lakini fedha zitarudi.

13. Nikipata mkopo, ada yote italipwa?

Si lazima. Bodi hupanga kiasi kwa kupima uwezo wa familia, na vifungu hutenganishwa: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti.

Tuseme ada ya masomo ni 1,500,000 na bodi imekupangia 900,000. Utadaiwa 600,000 zilizobaki, na juu yake michango yote ya swali la 2, ambayo kifungu cha ada hakiigusi. Kwa hiyo mwenye mkopo naye huenda usajili na fedha mkononi. Mzazi aliyeambiwa "mtoto kapata mkopo" huwa hakujiandaa kwa hilo. Mwoneshe mchanganuo wenyewe kwenye akaunti yako ya SIPA, yaani akaunti yako ya mtandaoni ya HESLB.

14. Bumu, yaani fedha za kujikimu, linaingia lini, na ni kiasi gani?

Kwa aliyepangiwa na HESLB kiwango kamili, chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Hutolewa kwa mafungu ya takriban siku 60, yaani 600,000 kwa fungu. Fedha za vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Ada hupelekwa moja kwa moja chuoni. Bumu huingia kwenye akaunti yako baada ya kuthibitisha uwepo wako.

Fungu la kwanza halitangulii usajili. Uje na fedha ya kula ya mwezi mmoja au zaidi. Na usilitumie bumu kulipia deni la ada isipokuwa umeshahesabu utakavyokula siku zilizobaki. Wanaofanya hivyo bila hesabu huanza kukopa mabwenini kwa masharti mabaya kuliko ya bodi yoyote.

15. Mkopo huu una riba? Tunaogopa.

Hofu hiyo ina msingi na inastahili jibu la wazi. Mkopo wa HESLB ulikuwa na tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa ikikuza deni. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa katika sherehe za Mei Mosi 2021 jijini Mwanza. Kabla ya kusaini, soma mkataba wako uone tozo iliyobaki, kiasi chake na jina lake, kisha umpelekee shekhe unayemwamini maandishi yenyewe. Masimulizi ya mtu aliyesoma zamani hayatakupa hukumu ya mkataba wa leo.

16. Nitaanza kurejesha lini?

Kwa HESLB, miezi 24 baada ya kumaliza au kuacha masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake, na malipo hayo yasipungue 100,000 kwa mwezi. Kuacha chuo hakufuti deni; ulichokwisha kupokea unadaiwa.

17. Nimekosa mkopo, au nimepata kidogo sana.

Baada ya awamu za upangaji hufunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa hufanya kazi ukileta kitu kipya: cheti cha kifo kilichokuwa hakijahakikiwa, uthibitisho wa ulemavu, namba ya TASAF iliyosahaulika. Kurudia maneno yale yale hakubadilishi alama ulizopewa na bodi ilipopima uwezo wa familia yako. Wakati unasubiri, kaandikishe mpango wa awamu chuoni (swali la 5), kwa sababu tarehe za chuo hazisubiri rufaa.

## Misaada isiyorejeshwa

18. Kuna ufadhili wa ufaulu?

Upo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, ni wa waliofaulu kwa juu sana masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi au tiba. Orodha ya wanaostahili hutokana na matokeo ya NECTA, na unaomba kupitia HESLB.

19. Chuo chenyewe hutoa punguzo?

Baadhi hutoa kwa yatima, ndugu wawili wanaosoma pamoja, watoto wa wafanyakazi, au wanaoongoza darasani. Mengi hayatangazwi. Nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi uulize kwa kutaja hali yako: "Sisi ni ndugu wawili hapa, kuna utaratibu gani?" Uliza pia kama punguzo ni la mwaka mmoja au linaendelea, na wastani gani wa alama ukishuka nalo linakatika.

20. Naweza kuomba zaka?

Ndiyo, kwa aliye fakiri au maskini, mwanafunzi au asiye mwanafunzi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulikia zaka Zanzibar, na misikiti na taasisi za kheri nazo husaidia. Barua iwe na uthibitisho wa sheha, barua ya udahili na taarifa ya deni kutoka ofisi ya fedha. Omba fedha ilipwe chuoni moja kwa moja; mtoaji huridhika zaidi, nawe hutashawishika kuigusa.

## Hali zisizo za kawaida

21. Mzazi au mfadhili amefariki au ameacha kulipa katikati ya masomo.

Mjulishe mlezi wa wanafunzi wiki hiyo hiyo, hata kabla ya karatasi. Chuo kinaweza kusogeza tarehe au kukuingiza kwenye punguzo. Kata cheti cha kifo mapema, kihakikiwe, kisha uombe mkopo dirisha linapofunguliwa. Wanaoendelea na masomo nao huomba.

22. Nilisoma skuli binafsi kwa kulipiwa na mtu. Bodi itaniona tajiri?

Inaweza, kwa sababu ada ya skuli uliyosoma huangaliwa. Kwa hiyo jaza sehemu ya waliofadhiliwa na uambatishe uthibitisho wa aliyekulipia. Ukiacha wazi, mfumo utachukulia kuwa wazee wako ndio waliolipa.

23. Nikiahirisha mwaka, au nikirudia, mkopo unaendelea?

Mkopo husimama usipokuwa darasani, na anayerudia mwaka hawezi kutarajia alipiwe mwaka ule mara mbili. Ahirisha kwa barua iliyokubaliwa na chuo na uhakikishe ofisi ya mikopo ya chuo imeiarifu bodi. Anayetoweka tu huhesabiwa ameacha, na kurudi kwake huwa kuzito.

24. Nataka kuhama chuo. Ada na mkopo vinanifuata?

Uhamisho wa shahada hupitia utaratibu wa TCU, na taarifa za mkopo huhamishwa baada ya hapo. Ada uliyolipa chuo cha mwanzo haihami. Chuo hicho pia kinaweza kukataa kutoa matokeo yako ukiwa na deni, kwa hiyo maliza deni kabla ya kuomba.

25. Nimelipa, kisha nimeghairi. Narejeshewa?

Inategemea tarehe. Vyuo vingi hurejesha sehemu ya ada ukijitoa kwa barua ndani ya wiki za mwanzo, na baada ya hapo hakuna kitu. Ada ya maombi na usajili kwa kawaida hairudi. Fedha za dhamana wewe ndiye unayezidai zirejeshwe ukimaliza au ukijitoa, kwa kuonesha fomu ya kibali iliyosainiwa na maktaba, dakhalia na ofisi ya fedha.